Betri ya akiba ilisoma volti 12.6 miaka mitatu, nikaitwisha mzigo ikadumu dakika 13

#1 Mtoa mada

Wakuu, heshima zenu.

Nina ndege ya viti viwili niliyoijenga kwa mikono yangu. Injini ni ya silinda nne. Plagi za upande mmoja zinawashwa na magneto, inayojizalishia umeme wake injini ikizunguka, za upande wa pili na kiwashio cha elektroniki kinachokula umeme wa ndege. Mbele yangu hakuna saa za mishale, ni skrini mbili tu. Altaneta moja, betri kuu moja. Kwa hiyo nilipokuwa navuta nyaya niliweka na betri ndogo ya akiba nyuma ya kiti: betri kavu ya risasi, aina ya AGM, volti 12, ampea-saa 7.2. Kazi yake ni kulisha skrini moja, redio, transponda (kile kifaa kinachojibu rada) na hicho kiwashio siku umeme mkuu ukigoma.

Miaka mitatu, kila kabla ya kuruka, natupia jicho kisoma volti chake. 12.6. Wiki inayofuata 12.6. Nafunga mkanda, naruka.

Majuzi ndege iko wazi kwa ukaguzi wa mwaka, viti viko nje, nikasema hebu leo niiulize vizuri. Nikachukua globu tatu za taa za breki za gari, zile za wati 21, nikaziunganisha sambamba. Jumla zinakula ampea 5 na kidogo, karibu sawa na mzigo wangu wa dharura. Multimita kwenye vichwa vya betri, simu kwa ajili ya kuhesabu muda. Nikawasha.

Mara tu baada ya kuwasha, 12.0. Dakika ya tano 11.6. Dakika ya kumi 11.1, na hapo ikaanza kuporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Dakika ya 13 ikagusa 10.5, nikazima. Kwa betri ya risasi yenye seli sita hapo ndipo pa kusimama. Ukiendelea kuinyonya unaiharibu zaidi.

Ampea 5 kwa dakika 13 ni kama ampea-saa 1.1. Kutoka kwenye betri iliyoandikwa 7.2! Najua ile namba ya ubavuni hupimwa kwa kuinyonya taratibu kwa saa 20, yaani ampea 0.36 tu, na ukiivuta kwa ampea 5 hata ikiwa mpya haikupi saa moja na nusu kama kugawanya kwa kalamu kunavyodai. Inakupa kama dakika 50. Lakini mipango yangu yote niliijenga juu ya dakika 30 za kutafuta mahali pa kutua. Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nabeba dakika 13, tena bila kuhesabu baridi ya kule juu.

Swali langu kwenu: nimeiuaje betri ambayo sijawahi kuitumia?

#2 Kipanga

Pole mkuu, ila shukuru imekufia chini.

Jibu liko ndani ya swali lako. Betri ya risasi haifi kwa kutumiwa peke yake, inakufa pia kwa kukaa na njaa. Isipojaa, salfeti ya risasi inaganda juu ya bamba zake na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haizirudishi tena. Sehemu iliyoganda haifanyi kazi, ile iliyobaki nzima ndiyo inayokuonyesha 12.6 kwenye kisoma volti. Volti bila mzigo ni kama mtu aliyekaa kitini: huwezi kujua anaweza kubeba gunia hadi asimame.

Sasa tueleze unaichajije. Kuna dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu?

#3 Mtoa mada

Ipo. Kutoka basibaa kuu (bamba linalogawa umeme kwa vifaa), fyuzi, dayodi, betri ya akiba. Dayodi ni ile pakiti ya mraba ya kunyoosha umeme, nimetumia mguu mmoja wake. Niliiweka ili basibaa kuu ikipata shoti, akiba isirudi nyuma kumwaga umeme wake kule.

Baada ya kusoma jibu lako nimeenda kupima injini ikiwa inazunguka. Basibaa kuu: 14.1. Kwenye vichwa vya betri ya akiba: 13.4. Dayodi inakula 0.7.

Na kuna aibu nyingine. Kile kisoma volti nilikiunga moja kwa moja kwenye betri ya akiba, bila swichi. Kinakula miliampea 8. Nilikidharau.

#4 Kipanga

Miliampea 8 kwa saa 168 za wiki ni ampea-saa 1.34. Karibu moja ya tano ya betri yako, kila wiki, kwa ajili ya kukuambia kwamba betri ni nzima. 😂

Halafu unairudishia kwa 13.4. Betri ya AGM inataka 14.2 hadi 14.6 ili ijae ndani ya muda wa maana. Hapo umemaliza kesi, ng'oa hiyo dayodi.

#5 Fundi Koleo

Taratibu Kipanga, usiinyonge dayodi bila kesi kusikilizwa.

13.4 si volti mbovu. Betri ya AGM iliyo kwenye chaja ya kudumu, ile ya kukaa mwezi mzima imechomekwa, inataka 13.5 hadi 13.8 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Joto likipanda unapunguza, kama milivolti 20 kwa kila nyuzi moja kwa betri nzima ya seli sita. Nyuma ya kiti chini ya kioo, ndege ikiwa juani, nyuzi 40 si ajabu. Nyuzi 15 juu ya 25 mara milivolti 20 ni volti 0.3. Kwa hiyo hiyo 13.4 yake, kwenye joto hilo, ndiyo hasa ambayo mtengenezaji angeitaka.

Tatizo ni muda. Chaja ya kudumu inafanya kazi kwa sababu inakaa siku na siku. Mtoa mada, wewe unaruka muda gani?

#6 Mtoa mada

Dakika 40 hivi, mara moja kwa wiki. Hali ya hewa ikikorofisha, wiki mbili zinapita.

#7 Fundi Koleo

Basi ndiyo hivyo. Dakika 40 kwa wiki, kwa volti ya kungojea badala ya volti ya kujazia. Hata ungeipa 14.4 kamili bado ungekuwa na shida, kwa sababu ile asilimia 20 ya mwisho ya betri ya risasi inaingia kwa kusuasua, saa kadhaa, mkondo ukipungua kadiri inavyokaribia kujaa. Dakika 40 haziwezi. Ndege nyingi za kujijengea hazipati saa za kutosha hewani kuijaza betri ndogo ya risasi hata mara moja.

Ningefanya hivi. Kwanza, kisoma volti kiende nyuma ya swichi ya kubonyeza, kisome pale tu unapokibonyeza. Pili, hiyo dayodi ya pakiti uibadilishe na ya Schottky, inakula 0.3 hadi 0.4 kwenye mikondo midogo. Ukiwa na hela ya kuchezea, zipo saketi za transista zinazofanya kazi ya dayodi na kula chini ya 0.1. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: weka soketi ndogo yenye fyuzi yake ubavuni mwa ndege, na betri ya akiba iwe na chaja yake ya ukutani ndege ikiwa hangani. Usidanganyike kwamba chaja ya betri kuu itapita kwenye dayodi na kuilisha hii pia. Chaja ikishuka kwenye 13.6 ya kudumu, baada ya dayodi akiba inaona 13.2. Kwenye hanga lenye baridi hiyo ni njaa ileile.

#8 Nyaya Tatu

Nakazia kwa Fundi, na naongeza jambo ambalo watu wengi wanalichanganya: njia ya kuchajia na njia ya kutolea umeme zisiwe waya mmoja.

Njia ya kutolea ni nene, fupi, ina fyuzi yake karibu kabisa na betri, inapita kwenye swichi ya dharura na kuingia basibaa ya dharura. Haina dayodi ya kupoteza volti bila sababu. Njia ya kuchajia inaweza kuwa nyembamba, geji 20 na fyuzi ya ampea 7 na nusu au pungufu. Kumbuka fyuzi inalinda waya, hailindi betri.

Kwenye njia ya kuchajia mimi naweka na rezista ya om 1, ya wati 10 au zaidi, imefungwa kwenye bati ili ipoe. Sababu: siku akiba ikiwa imenyonywa hadi 11.5 na altaneta inatoa 14.1, bila kizuizi inavuta mkondo mkubwa kuliko inavyopenda. Betri ya ampea-saa 7 nyingi hazitaki kuzidi ampea 2 hivi mwanzoni. Toa 0.4 inayoliwa na dayodi ya Schottky, zinabaki kama volti 2.2, gawa kwa om 1, unapata ampea 2.2. Umepiga palepale. Betri ikikaribia kujaa mkondo unashuka hadi ampea 0.1 na rezista inakula volti 0.1 tu, haina madhara. Kifaa kisichofikiri, na hakiharibiki.

#9 Mgeni wa Anga

Wakuu shikamooni. Mimi bado naunganisha mbawa, sijafika kwenye umeme. Kwa nini mnajitesa na risasi? Lithiamu ya ukubwa huohuo haifiki hata nusu ya uzito. Au mnaogopa moto, maana zile Boeing 787 zilizuiwa kuruka Januari 2013 kwa sababu ya betri?

#10 Fundi Koleo

Marahaba mdogo wangu.

Zile za 787 zilikuwa lithiamu ya kobalti, kemia yenye hasira. Zinazouzwa kama betri za volti 12 kwa ndege zetu nyingi ni LiFePO4, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti, ambayo ni tulivu zaidi, joto linalohitajika kuivuruga ni kubwa zaidi. Haimaanishi ni mchezo. Bado ukiifunga mahali pasipo na hewa karibu na bomba la moshi unaitafuta.

Ila kwa mada hii ya kuchaji, lithiamu ina mambo yake.

La kwanza, kisoma volti kinazidi kuwa muongo. LiFePO4 ikiwa karibu imejaa inasoma 13.3, ikibaki nusu inasoma 13.2. Mstari umelala kama meza, halafu mwishoni unaanguka ghafla. Kama Mtoa mada alidanganywa na 12.6, hii ingemdanganya mara mbili.

La pili, 13.7 baada ya dayodi ya Schottky (14.1 toa 0.4) inaijaza karibu yote, hiyo ni faida. Ila seli zake nne zinasawazishwa na saketi ya ndani volti ikifika 14 na zaidi. Ukiichaji kupitia dayodi maisha yake yote, haifiki huko, seli zinaachana kidogokidogo, na siku moja seli dhaifu inaisha mapema na saketi ya ulinzi inakata betri nzima huku nyingine tatu bado zina chaji. Kwa hiyo mara chache kwa mwaka ipe chaja yake halisi, 14.4 hadi 14.6, hadi itosheke.

La tatu, usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Metali ya lithiamu inajipaka ndani ya seli na haitoki. Na chaja ya gari yenye hatua ya kuamsha betri zilizokufa, inayopandisha volti hadi 15 na zaidi, isiisogelee kabisa.

#11 Nyaya Tatu

La nne: lithiamu na risasi zisifungwe sambamba waya kwa waya. Zikiwa zimetulia moja ina 13.3 na nyingine 12.8, kwa hiyo lithiamu itakesha inaimwagia mwenzake. Dayodi kati yao ni lazima.

Na altaneta iwe na kinga ya volti kuzidi. Reguleta, ile inayodhibiti volti za altaneta, ikichanganyikiwa, volti zinapanda zaidi ya 16 na dayodi inazipitisha bila kuuliza. Utakuta umepoteza betri kuu na akiba kwa kosa moja, wakati akiba uliiweka kwa ajili ya siku hiyohiyo.

#12 Baba Rubani

Nyie mnasumbuka bure. Mimi nabadilisha ya akiba kila miaka miwili, nikipima nisipime. Sijawahi kuwa na tatizo.

#13 Mtoa mada

Mzee wangu shikamoo. Utaratibu wako ni bora kuliko wangu wa miaka mitatu, hilo nakubali. Lakini "sijawahi kuwa na tatizo" nilikuwa naisema na mimi hadi zile globu. Ulijuaje kwamba ilikuwa nzima mwezi wa 20?

Na hata mpya si lazima iwe mpya. Betri ya risasi ikikaa rafuni inajinyonya yenyewe, kama asilimia 3 kwa mwezi, zaidi kwenye joto. Iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuganda kabla hujailipia.

#14 Baba Rubani

Marahaba. Umenibana hapo kwenye mwezi wa 20.

#15 Kipanga

Kuna wenye utaratibu wa kati: betri mbili za ukubwa mmoja. Kila ukaguzi wa mwaka, betri mpya inaingia kwenye nafasi ya betri kuu, iliyokuwa kuu inahamia kwenye akiba, iliyokuwa akiba inatoka. Hakuna betri ndani ya ndege inayozidi miaka miwili, na ile ya akiba ni ambayo jana tu ilikuwa inawasha injini, kwa hiyo unajua ina nguvu. Gharama ni uzito.

Kwa mwenye injini inayotegemea umeme moja kwa moja, yaani pampu ya mafuta na kompyuta ya kupulizia, mimi ningesema huo ndio utaratibu wa kuanzia. Mtoa mada akikosa umeme anabaki na magneto, injini inaendelea kuzunguka. Yule mwingine injini yake inakuwa pambo.

#16 Mgeni wa Anga

Na dakika ngapi zinatosha? Nimeona Marekani sheria inataka mafuta ya akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku kwa wanaoruka kwa kuona. Ndiyo kipimo?

#17 Fundi Koleo

Hizo ni za mafuta, mdogo wangu, hazijui lolote kuhusu betri yako. Watu wamezichukua kwa sababu zipo. Angalia njia unazoruka: kutoka sehemu ya mbali kabisa, hadi uwanja wa karibu unaoweza kuutumia, na upepo ukiwa usoni, ni dakika ngapi? Ongeza nusu yake. Hapo ndipo pa kuanzia. Kama jibu ni dakika 70, betri ya ampea-saa 7 haikufai, au punguza mzigo.

Na mzigo upime, usiusome kwenye vitabu vya vifaa. Bana waya wa basibaa ya dharura kwa kipima ampea cha koleo, washa kila kitu, kisha bonyeza redio kana kwamba unaongea. Redio inayosikiliza haifiki ampea moja, ikitangaza inaruka mara kadhaa. Utashangaa pia taa za mwangaza wa skrini zinakula kiasi gani zikiwa juu kabisa.

#18 Mtoa mada

Nimerudi wakuu, kazi imeisha.

Kisoma volti kipo nyuma ya kibonyezo. Dayodi ya Schottky ipo, rezista ya om 1 imefungwa kwenye bati la nyuma ya kiti. Soketi ya chaja ipo chini ya mlango, na nimeiwekea kamba nyekundu ndefu inayoning'inia mbele ya propela, maana najijua, ningewasha injini waya ukiwa bado umechomekwa ukutani. Swichi ya dharura nimeihamishia mbali na swichi ya taa. Siku moja niliwahi kuziparamia gizani.

Betri mpya niliijaza kwa chaja usiku mzima, nikaiacha ipumzike saa kadhaa, nikaiweka kwenye globu zilezile. Dakika 49. Nimeandika tarehe na "49" kwenye utepe, nikaubandika juu ya betri. Ikishuka chini ya 39, ambayo ni asilimia 80, inatoka, hata kama kisoma volti kinatabasamu.

Na kabla ya kuwasha injini sasa natumia akiba peke yake: swichi kuu imezimwa, ya dharura imewashwa, skrini na kiwashio vinakula, naacha dakika moja ndipo nasoma volti. Halafu nawasha injini akiba ikiwa bado inalisha skrini, hivyo betri kuu ikizama kwa ajili ya stata skrini haizimi. Hilo linanionyesha kwamba nyaya na swichi ni nzima. Dakika ngapi zimebaki, hilo naliachia globu kila mwaka.

#19 Nyaya Tatu

Safi sana. Nikuongezee moja tu usinichukie.

Globu ni mzigo wenye huruma. Volti zikishuka, globu inafifia na inakula ampea pungufu. Skrini zako hazina huruma hiyo: ndani zina saketi inayotaka wati zilezile, kwa hiyo volti zikishuka zinavuta ampea zaidi ili kufidia. Kwenye 13 zinakula 4, kwenye 10.5 zinakula karibu 5. Mwishoni, pale betri inapochoka, ndipo zinapoikaba. Na angalia kwenye kitabu cha skrini inazima kwenye volti ngapi, zipo zinazozima kabla volti hazijashuka hadi 10.5.

#20 Mtoa mada

Ya kwangu inazima kwenye 10, kwa hiyo hapo nimepona.

Ila nimerudi hangani, nikawasha skrini, redio, transponda na kiwashio chenyewe badala ya globu, betri ikiwa imejaa. Dakika 44.

Nimebandua utepe, nimeandika mwingine.